Kuifufua Kompyuta ya Mnadani

Kompyuta yangu niliinunua mnadani, kwenye ofisi ileile niliyokuwa nikifanya kazi. Nilikuwa mhazili pale Katesh kwa miaka mingi, na kompyuta hiyo ndiyo niliyochapia barua mpaka herufi za keibodi zikafutika. Ofisi ilipoletewa mpya, zile za zamani zilipangwa uani juani, pamoja na viti vilivyovunjika na makabati yasiyo na funguo, watu wakakaribishwa kununua. Yangu niliitambua kwa mkwaruzo ubavuni. Hakuna aliyeshindana nami. Wote walitaka makabati.

Nilipoacha kazi tukahamia Endasak, ambako mume wangu alikuwa amepangiwa kufundisha shule ya msingi. Niliiweka kompyuta kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara, nikaanza biashara ya picha za pasipoti, kuchapa barua za maombi ya kazi na kudurufu vyeti. Baadaye nikapata kamera, nikajifunza kuhariri video kwa kutazama masomo kwenye simu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mama wa video za harusi. Wateja hawakuniita kwa jina tena. Walisema tu, "Mpigie yule mama wa video."

Kazi zenyewe zilikuwa nyepesi. Kamera moja, keki, zawadi, wazazi wakifuta machozi, wimbo wa kwaya kwa chini, basi. Kompyuta ililalamika, feni yake ikiunguruma kama mashine ya kusaga, lakini ilifika mwisho.

Kisha akaja mteja mmoja kutoka Hirbadaw. Alikuwa afisa mifugo, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvua kofia kabla ya kuvuka mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Alikaa, akanieleza kwamba anaoa. Mchumba wake alikuwa muuguzi, binti wa Endagikot kule Mbulu, na sherehe ingefanyika huko kwao. Nikadhani ni kazi kama zile nyingine. Nilikuwa nimeshaanza kumuuliza habari za ukumbi aliposema, "Kuna jambo moja, mama. Ni bibi yangu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, bibi ndiye aliyenilea. Sasa miguu imemkataa. Kupanda gari mpaka Mbulu hawezi. Na mimi nataka awepo."

"Atakuwepo vipi kama hawezi kusafiri?"

"Si wewe ni mtu wa video? Njoo umchukue video nyumbani akiwa anatubariki kwa wimbo. Halafu umwingize ndani ya harusi. Mwenzangu anapoingia ukumbini, bibi aonekane palepale, anaimba. Mtu akitazama aone kabisa kwamba alikuwepo."

Nikamjibu kwamba inawezekana. Sikuwa nimewahi kufanya kitu kama hicho, ila nilikuwa nimeona kwenye masomo ya simu jinsi picha moja inavyowekwa juu ya nyingine. Nikajiona ninaweza.

Wiki iliyofuata nilifika Hirbadaw kwa pikipiki, kamera nimeikumbatia kifuani ndani ya kanga. Bibi alikuwa ameandaliwa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amevaa vazi lake la ngozi lililotariziwa shanga, bangili za shaba zimejaa mikononi. Nilipiga goti kidogo, nikamwamkia shikamoo. Akanishika kichwa, akasema maneno kwa Kibarbaig. Mjukuu wake akatafsiri huku akicheka.

"Anauliza, hiyo mashine yako itambeba mpaka Mbulu bila kumdondosha njiani?"

"Mwambie itambeba vizuri."

Bibi akaitikia kwa kichwa kana kwamba tumekubaliana bei ya ng'ombe, akaanza kuimba. Sauti ilianza chini, nyembamba, ikapanda. Upepo ulikuwa mkali, nami nikasogeza kipaza sauti karibu na shingo yake, nikaomba Mungu upepo usinivurugie. Aliimba macho yamefumbwa, viganja vimefunguliwa mbele yake kama anayemimina kitu. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilijikuta nimebana pumzi.

Harusi yenyewe kule Endagikot ilikwenda vizuri. Mbulu kulikuwa na baridi ya kutetemesha na manyunyu, wageni wamevaa majaketi juu ya nguo za sherehe. Niliazima kamera ya pili kwa rafiki yangu mpiga picha ili nimchukue bibi harusi kutoka pande mbili anapoingia. Aliingia polepole, mkono wake kwenye mkono wa baba yake, akina mama wakipiga vigelegele. Nilijua hapohapo, huku nimeinama nyuma ya kamera, kwamba hapa ndipo bibi atakapokaa.

Taabu ilinisubiri nyumbani.

Nilipoziweka video zote kwenye kompyuta na kuanza kuzipanga, picha zikaanza kutembea kama mtu anayevuka tope. Bibi harusi ananyanyua mguu, anasimama hewani, halafu ghafla yuko mbele ya keki. Nilipomweka bibi wa Hirbadaw juu yake, kompyuta iliganda kabisa. Nikaizima, nikaiwasha. Ikaganda tena. Mara ya tatu kioo kikageuka bluu chote, maandishi meupe yakajaa, ikajizima yenyewe.

Ukoo wa bwana harusi ulikuwa umepanga kumpokea mkwe wao nyumbani Hirbadaw Jumapili iliyokuwa inakuja. Ndugu wote ambao hawakufika Mbulu wangekuwepo, na video ndiyo ilikuwa imeahidiwa kuonyeshwa. Jumanne asubuhi baba mdogo wa bwana harusi akanipigia simu.

"Mama, habari za kazi? Tumesikia mashine inasumbua."

"Inasumbua kidogo, baba. Naishughulikia."

"Tunafikiri tuchukue hizo video tuzipeleke Arusha. Wenzako kule wana mashine kubwa."

Nilimuuliza wao wameambiwa itakuwa tayari lini. Akasema wameambiwa foleni ni ndefu, labda mwezi ujao. Nikamwambia, "Basi niacheni mpaka Jumapili. Nikishindwa, mtazipeleka Arusha, na mimi nitawaomba radhi mbele ya ukoo."

Nikakata simu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, tayari kwenda shuleni.

"Umeahidi nini tena?"

"Nitaitengeneza kompyuta."

"Utampelekea fundi gani?"

"Nitaifungua mwenyewe."

Akaiangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Ukiiharibu je?"

"Kwani sasa hivi ni nzima?"

Akamaliza chai yake, akaenda zake, lakini kabla hajafika barabarani alirudi kuniletea bisibisi kutoka kwenye boksi la baiskeli yake.

Asubuhi ile nilifungua kwa mara ya kwanza boksi la kompyuta nililokaa nalo meza moja zaidi ya miaka kumi. Niliondoa nyaya zote nyuma, nikalilaza juu ya meza ya chakula, nikafungua skrubu, nikavuta mfuniko. Nilichokiona kilinichekesha. Vumbi jekundu lilikuwa limelala mle ndani kama blanketi, limefunika feni, limejaa kwenye kila upenyo. Ndiyo maana ilikuwa inaunguruma. Nilichukua brashi ya rangi ambayo haijatumika, nikalibeba boksi nje, nikaanza kulipangusa vumbi taratibu, mahali ambapo upepo unalichukua. Kabla ya kugusa chochote ndani nilikuwa nashika kwanza chuma cha boksi, maana masomo ya simu yalisisitiza kwamba umeme mdogo wa mwilini unaweza kuua kifaa bila wewe kusikia hata cheche.

Masomo hayohayo yalinisaidia kuelewa ugonjwa. Kompyuta yangu ilikuwa imeundwa kwa ajili ya kuchapa barua. RAM, yaani ile kumbukumbu ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea, ilikuwa ndogo mno kwa video mbili za harusi na bibi juu yake. Na kadi ya picha, ile inayofanya kazi ya kuchora kila kinachotokea kwenye kioo, haikuwepo kabisa. Kazi hiyo alikuwa anaifanya yuleyule anayefanya nyingine zote, ubongo wa kompyuta. Nilimwonea huruma, kwa kweli. Nilikuwa nimemdai mambo ambayo hakuumbwa nayo.

Nikachomoa kipande kimoja cha RAM, kibapa kidogo cha kijani chenye meno ya dhahabu, nikakifunga kwenye leso safi. Jumatano nikapanda basi kwenda Babati.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa karibu na stendi, na fundi wake alikuwa baba wa makamo, miwani ameiweka juu ya kipara. Nilimfungulia leso. Akakichukua kile kipande, akakigeuza.

"Hii ya zamani, mama. Lakini ninazo." Akafungua droo, akanitolea vipande viwili vinavyofanana na changu, kila kimoja kimebeba mara nne ya kile nilicholeta. Tukalinganisha meno na ule mkato wa katikati. Vikalingana, nikavinunua. Kisha nikamwomba kadi ya picha. Akanionyesha moja, kubwa, ina feni mbili na stika ya joka linalotema moto.

"Hii itaibeba harusi yako mpaka mbinguni," alisema.

Niliinunua. Sikuuliza swali jingine, maana joka lile lilikuwa limeshanilevya.

Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu, nikaenda moja kwa moja mezani, hata viatu sikuvua. Nilipoisogeza kadi kwenye tundu lake, nikaona kosa langu. Boksi langu ni jembamba, lile la ofisini la kulala chini ya kioo. Kadi ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko ukuta wa boksi. Ilichomoza kama mtu aliyepewa kitanda cha mtoto. Mume wangu alikuwa amerudi, akasogea kuangalia.

"Si uache mfuniko wazi tu?"

Nikafikiri, kweli, nani atauona. Lakini nilipoigeuza nikaona kwamba upande wa pili ina tundu la umeme wa ziada. Nilitafuta waya wa kuchomeka pale. Ndani ya boksi langu haukuwepo. Hakuna aliyewahi kutegemea kwamba kompyuta ya kuchapa barua itakuja kuhitaji umeme wa joka.

Nikakaa kwenye kiti, nikaiangalia ile kadi nzuri isiyonifaa. Mume wangu hakusema "si nilikwambia". Alichukua jembe akaenda kwenye maharage yake, na hilo nililiona kuwa ni heshima kubwa.

Alhamisi nilirudi Babati na basi la kwanza. Safari hii nilikuwa nimepima kila kitu kwa rula ya shuleni, nikalichora boksi langu kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi. Fundi aliitazama karatasi, akashusha miwani puani.

"Ungeniambia jana kwamba ni jembamba."

"Na wewe ungeniuliza, baba."

Akacheka, akaipokea ile kadi ya joka, akairudisha rafuni. "Haya, sote tumekosea. Sasa nikushauri kama ndugu yangu. Hiyo mashine iache. Nunua nyingine, hata iliyotumika. Utahangaika na hii mpaka lini?"

"Kufika Jumapili tu," nikamjibu. "Na nyingine siijui. Hii naijua. Naomba kadi fupi inayoingia humu, na isihitaji waya wa ziada wa umeme. Ile inayokula umeme wa tundu lenyewe."

Alinitazama kwa namna tofauti kidogo. Nadhani ndipo alipoona kwamba sitaondoka. Akatafuta rafu ya juu, akatafuta chini ya kaunta, akafungua maboksi yaliyokuwa yanafunguliwa kwa nadra. Hakuna. Akapiga simu Arusha kwa mwenzake, akamsomea vipimo vyangu kutoka kwenye karatasi, akangoja. Nilisikia mtu wa upande wa pili akipekuapekua vitu. Kisha fundi akanyanyua kidole gumba.

"Anayo moja. Imetoka kwenye mashine ya benki iliyofungwa—siyo benki iliyofungwa, mashine ndiyo iliyofungwa, haitumiki tena. Ni fupi. Ina hata kile kibati chake kifupi cha kushikilia. Anaiweka kwenye basi sasa hivi."

Nilikaa Babati kuingoja. Nilikula ndizi nyama kwenye mgahawa karibu na stendi, nikanywa chai, nikanywa tena chai. Mabasi ya Arusha yaliingia moja baada ya jingine. Lilipofika lile lenyewe, kondakta alinikabidhi bahasha ya kaki iliyojaa magazeti yaliyokunjwakunjwa, na katikati yake, kadi ndogo nyeusi yenye feni moja ya duara ukubwa wa mfuniko wa chupa ya chai. Haikuwa na joka. Niliibeba mapajani mpaka Endasak kama yai.

Ijumaa mume wangu aliwahi kurudi kutoka shuleni. Hakuniambia kwa nini, lakini alivuta kiti akakaa upande wa pili wa meza na rundo la madaftari ya kusahihisha, kalamu nyekundu mkononi, bila kusahihisha chochote.

Nikashika chuma cha boksi. Nikachukua kipande cha kwanza cha RAM, nikakipanga sawasawa na mkato wake, nikabonyeza. Kikaingia. Nikaweka cha pili. Nikafungua kile kibati kidogo cha nyuma kinachoziba tundu la kadi, nikaishusha kadi ndogo nyeusi. Iliingia kama ilizaliwa mle ndani. Kibati chake kikalala penyewe ukutani, skrubu ikakaza. Nikarudisha nyaya zote kama zilivyokuwa. Nikabonyeza swichi.

Pii. Pii. Pii.

Kisha kimya. Kisha tena pii, pii, pii. Mume wangu akainua kichwa.

"Inalia?"

"Inalia."

"Inataka nini?"

Nilizima, nikashika simu, nikatafuta maana ya kilio hicho. Ilikuwa inasema haioni RAM. Nikavichomoa vile vipande, nikayafuta meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, nikapuliza, nikavirudisha. Safari hii nilibonyeza kwa nguvu, kwa vidole gumba viwili, nikiogopa ubao utavunjika, mpaka vishikizo vya pande zote mbili vikafunga vyenyewe. Ka! Ka! Nikagundua kwamba mara ya kwanza havikuwa vimeingia mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeviweka kwa adabu mno.

Nikawasha. Hakuna kilio. Feni ikazunguka, laini, bila ile ngurumo ya zamani, na feni ndogo ya kadi nayo ikaanza kuzunguka. Nikashika mikono kifuani nikatazama kioo.

Kioo kilikuwa cheusi.

Tukangoja. Kioo kiliandika kwamba hakipati picha, kikazimika. Nilizima, nikawasha tena. Vilevile. Nilichomoa kadi nikaichomeka upya. Vilevile. Mume wangu aliacha kalamu, akaja akasimama nyuma yangu, akaweka mkono begani.

"Umejitahidi sana," alisema kwa sauti ndogo, ile anayoitumia kwa watoto waliofeli.

Hiyo sauti ndiyo iliyoniumiza. Nilisimama nikazunguka nyuma ya meza kuchomoa nyaya zote, nikiwa nimeshaanza kupanga maneno nitakayomwambia baba mdogo wa bwana harusi. Nikashika waya wa kioo, ule wa kuleta picha. Na kabla sijauvuta nikaona. Ulikuwa umechomekwa palepale pa zamani, kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Matundu ya kadi mpya, vidole vichache tu pembeni, yalikuwa matupu, yanang'aa, hayajaguswa. Kompyuta ilikuwa inatoa picha tangu mwanzo, ikiipeleka kwenye mlango ambako hakuna mtu aliyesimama.

Nikauhamisha waya.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mbele ya kioo. Mimi nilikuwa bado nimeinama nyuma, sioni kitu. Nilimsikia akisema, "Eeh!" Halafu akasema tena kwa sauti ya mtu aliyeona goli, "Eeeeh! Mama, imewaka! Imewaka!"

Nilipiga kigelegele. Nilikipiga peke yangu, nyumbani kwangu, nimeshika waya, mpaka jirani yetu akatoka kuuliza kama kuna mtu amejifungua. Mume wangu akamwambia, "Kompyuta! Amefufua kompyuta!" Jirani akasema asante Mungu, akaingia ndani, nadhani bila kuelewa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Nikaiweka simu dirishani, mahali mtandao unaposhika, nikaipakulia kadi programu zake. Nikafungua harusi. Bibi harusi akaingia ukumbini kwa mwendo wake halisi, laini, kila pambo la gauni likionekana. Nikaleta kamera ya pili. Haikuganda. Nikaleta video ya Hirbadaw, nikamweka bibi juu, nikamfifisha kidogo pembeni ili upepo wa Hirbadaw uyeyukie kwenye taa za Endagikot, nikaruhusu sauti yake ianze taratibu chini ya vigelegele, kisha ipande yenyewe, vigelegele vikipungua. Nikabonyeza kucheza.

Kompyuta ilicheza yote bila kusita. Mume wangu alitazama mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu.

Jumamosi mchana niliiamrisha iunganishe vipande vyote itoe video nzima. Kazi ya namna hiyo zamani ilinichukua siku nzima, na mara nyingine nikaikuta imekufa katikati nikaanza upya. Nilibandika maharage jikoni, nikarudi kuangalia, nikaenda kukaanga vitunguu, nikarudi. Imemaliza. Maharage yalikuwa bado magumu. Nikampigia fundi wa Babati kumshukuru.

"Imekubali?" aliuliza.

"Imekubali yote, baba."

"Ile kadi ndogo?"

"Ile ndogo."

Alicheka sana, akamwita mtu dukani kwake, nikamsikia akimsimulia.

Jumapili tulikwenda Hirbadaw wawili, mume wangu amevaa koti lake la mahafali. Boma lilikuwa limejaa. Walikuwa wameweka televisheni kubwa ndani ya nyumba, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili giza liingie, na jenereta inanguruma nje mbali kidogo na ng'ombe. Baba mdogo alinipokea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakutaja Arusha.

Bibi alikuwa ameketishwa mbele kabisa. Bibi harusi alikaa chini, kwenye ngozi, ameegemea goti lake. Wazee walikaa kwenye viti, wengine wote wakasimama mpaka mlangoni. Nikachomeka flashi.

Kwa muda walicheka na kunong'ona, wakimtambua huyu na yule, wakishangaa majaketi ya watu wa Mbulu. Kisha mlango wa ukumbi ukafunguka kwenye kioo, bibi harusi akaanza kutembea, na bibi akatokea juu yake, viganja vimefunguliwa, macho yamefumbwa. Sauti yake ikajaza nyumba.

Bibi mwenyewe alisogeza uso mbele. Alimwangalia yule mwanamke wa kwenye kioo kama mtu anayemtafuta kwenye umati. Halafu akaanza kuimba naye, sauti mbili za mtu mmoja, moja ndani na moja nje, na mstari uliofuata wanawake wote wa nyumba ile wakaitikia. Nilikuwa sijui kwamba wimbo ule una kiitikio. Kumbe alipouimba kigodani peke yake alikuwa anaacha nafasi zile wazi kwa ajili yao, na mimi katika kukata sikuzigusa, kwa sababu tu nilipenda jinsi alivyokuwa anapumua.

Bwana harusi alilia bila kujificha. Bibi harusi alimshika bibi mkono.

Ilipoisha, bibi aligeuka akanitafuta. Mjukuu akamsikiliza, akanitafsiria.

"Anasema alifika. Anasema aliiona Mbulu, na kuna baridi."

Watu wakacheka, na mzee mmoja nyuma akapaza sauti kwamba irudiwe. Tukairudia. Wakaimba tena, safari hii hata wanaume. Tukairudia tena. Katikati ya mara ya nne jenereta ilikohoa, televisheni ikazimika, nyumba nzima ikaguna kwa pamoja. Petroli imekwisha. Baba mdogo akatoka akamtuma mtu na pikipiki kwenda kuifuata. Mama mmoja akanisogezea kibuyu cha maziwa na kunivuta nikae katikati yao, na bibi, bila kungoja umeme, akaanza wimbo mwingine.